Kikombe cha Tatu cha Arlys

Kwa miaka kumi na tisa Arlys Behrens alionja bisi za pakiti katika kiwanda kidogo huko Iowa, Marekani. Tangu alipougua mafua makali mwezi Januari, pua na ulimi wake havikutambua kitu, naye hakumwambia mtu. Vidole ndivyo vilivyomwokoa: bisi za jibini zilimwachia unga, za karameli zilinata, za siagi ziliteleza.

Asubuhi hiyo mkuu wa waonjaji, Duane, aliwasha taa nyekundu ili rangi zisionekane, kisha akagawa vijiko na makopo ya kutemea chochote kibaya.

"Leo hakuna kushika kwa mkono. Vikombe vitatu, viwili sawa. Niandikieni kilicho tofauti."

Arlys alitafuna cha kwanza, ikawa kama anatafuna karatasi. Cha pili vilevile.

"Shoga, unaonja au unashiba?" Verla, mwonjaji mwenzake, alimtania kutoka upande wa pili wa ubao uliowatenga.

"Niache, mchokozi wewe!"

Cha tatu alikila chote, kijiko baada ya kijiko, akimwomba Mungu ampe hata chumvi tu. Hakupata. Akabahatisha, akaandika: cha kwanza.

Taa ya kawaida ilipowaka, kila mmoja alisimama na kopo lake la kutemea. Duane alikuwa ameweka bisi za mafuta yaliyochacha katika kikombe cha tatu, na wote walizitema. Kopo la Arlys peke yake lilikuwa kavu.

Verla alitazama kile kikombe kitupu, asitanie tena.

"Mwenzangu," alinong'ona, "tangu lini?"