Makochi ya Jirani

Miaka hiyo ya elfu mbili na kidogo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Kitale, nimepanga chumba kimoja mtaa wa Matisi, chenye ukuta mwembamba hata nilijua jirani anatia sukari vijiko vingapi. Hilo halikunisumbua. Lililonisumbua ni nyumba ya mama kule Sirisia: kuta za udongo, mabati yaliyoliwa na kutu, na sufuria tano ambazo msimu wa mvua hazikupika chochote, kazi yao ilikuwa kukinga matone.

Kwa hiyo chama chetu cha akiba kilipotangaza mkopo wa nyumba za mashambani, nilikuwa wa kwanza kwenye foleni. Hati ya shamba ilikuwa kwa jina la mama, mshahara ninao, wadhamini ninao. Likabaki sharti moja: mkopo ni wa wenye nyumba mbovu, na mkaguzi lazima aje aione kwa macho yake. Nikacheka. Kama ubovu ndio mtihani, sisi tulikuwa tumeshafaulu kabla ya kuketi.

Kosa langu lilikuwa kumwambia mama, "Jumamosi tuna mgeni kutoka ofisini."

Kwetu mgeni akitarajiwa, nyumba huazimiwa vitu. Hakuna anayelisema, lakini kila mtu anajua kiti cha nani kimelala kwa nani. Nilipoingia na mkaguzi Jumamosi hiyo, nusura nirudi nje nihakikishe hatujapotea. Sebule ilikuwa na makochi ya jirani wa mama, yamevishwa vitambaa vyeupe vya kufuma. Ukutani kulikuwa na saa ya mzee wa kanisa. Kuta zilikuwa zimesiribwa upya, na zile sufuria zimefichwa chini ya kitanda. Jua nalo liliwaka, hata wingu la kutusaidia hakuna.

Mkaguzi akazama kwenye kochi, akafungua fomu na kusoma nilichoandika. "Nyumba inavuja."

"Nani alisema?" mama akauliza. "Hii nyumba? Ati inavuja? Mwalimu alikuwa anatania, bana. Kunywa chai."

"Na hapa ameandika hakuna viti, mama."

"Si umekikalia?"

Mkaguzi akanigeukia, kalamu hewani. "Mwalimu, hii fomu uliijazia nyumba gani?"

Nilikasirika, sitaficha. Miezi yote hiyo nimekimbizana na makaratasi, na mama anayazamisha ndani ya kikombe cha chai! Lakini ningemwambia nini mbele ya mgeni? Kwamba tafadhali, mama, tuonyeshe umaskini wako vizuri?

Hapo jirani akatokea mlangoni, anahema, wifi zake wawili nyuma yake.

"Mama, nisamehe sana. Wakwe wa kijana wangu wamefika kutoka Lwakhakha. Si walisema kesho! Sasa mimi nitawaweka wapi?"

Wakwe ni wakwe, hawakalishwi mkekani. Hata mama hakubisha. Mkaguzi akaombwa asimame, kochi lake likatoka, likafuatwa na la pili, kisha vitambaa, kisha chupa ya chai pamoja na chai yetu ndani. Akabaki mtu mzima na tai yake, kikombe mkononi, katikati ya sebule yenye kigoda kimoja. Ningecheka kama nisingekuwa nauona uso wa mama.

Alimsogezea mgeni kile kigoda, akaketi sakafuni na kunyoosha miguu. Kisha akasema polepole, "Haya, baba, andika. Inavuja hapo. Na hapo. Na hapo juu ya kitanda changu, tangu mzee wangu alipotuacha."

Akayataja matundu yote bila kuinua macho. Mkaguzi aliandika bila kuuliza swali lingine. Mimi nilijionea aibu, kwa sababu nilikuwa nimeukasirikia ustaarabu wake.

Mkopo ulitoka. Nyumba ikasimama, ya matofali, vyumba vitatu, na kitu cha kwanza alichotaka mama hakikuwa kitanda, alitaka makochi. Siku hizi kijiji kizima huyaazima kwake, jirani yule akiwa wa kwanza. Nimewahi kufika na wenzangu kutoka Kitale, mama akatukalisha mkekani na kutuambia tuvumilie kidogo. Hajawahi kuyafuata makochi hayo kabla mgeni wa mtu hajamaliza chai yake.