Nani Anashika Mfuko

Kosa langu lilikuwa kutafsiri. Shangazi yangu wa Mbale, aliyenilea na kunisomesha kwa kuuza vitunguu, aliniuliza kwa simu mshahara wangu naufanyia nini huko Jinja. Nikamjibu kwamba nauweka kwenye mfuko, nikitafsiri "fund" ya Kiingereza, yaani mfuko wa uwekezaji. Kufikia jioni ukoo mzima ulijua kuwa mtoto mwenye digrii amempa mtu mfuko akae nao.

Kwa Shangazi hilo si neno la mchezo. Kila kikundi cha akina mama wa sokoni kina mmoja anayeshika mfuko wa michango, na wa kikundi chake alivuka mpaka nao. Akaniita nyumbani. Alikuwa amenitafutia kiwanja chini ya mlima Wanale, na amemwahidi mwenye kiwanja kwamba Jumamosi nitaleta pesa. Mimi hakuniuliza.

Njia nzima niliwaza. Je, kiwanja kina wenyewe wawili? Je, hisa zikiporomoka kesho? Je, Shangazi akininunia hadi Idi? Mimi ni mtu wa kurudi mlangoni kuhakikisha nimefunga, kisha kurudi tena. Ndiyo maana niliupenda ule mfuko, kama wanavyoupenda siku hizi walimu na wenye maduka ninaoishi nao Mafubira, mtaani kwetu Jinja. Unanunua kidogo kidogo hisa za kampuni zote zilizo kwenye soko la hisa, bila kubahatisha ipi itapanda. Kazi yangu ni kutuma kila mwezi na kuacha. Hatimaye nimepata jambo ambalo mawazo yangu hayatakiwi.

Nilimkuta Shangazi uani akichambua vitunguu, vibovu akivitupa kando.

"Hiyo mfuko nani anashika?"

Nikamweleza kwamba kampuni moja inausimamia, na pesa zenyewe zinatunzwa na benki, ili anayenunua hisa asiweze kukimbia nazo. Alisikiliza vizuri kuliko nilivyotarajia.

"Na nani anachagua kampuni mzuri?"

"Hakuna anayechagua, Shangazi. Wananunua zote."

Mikono yake ikasimama. "Hata zilizooza?"

"Hata hizo."

Akamwita jirani aje asikie: mtoto amesoma mpaka chuo kikuu, sasa ananunua gunia bila kufungua. Jirani akauliza kama hiyo ndiyo digrii yenyewe, au bado kuna nyingine inakuja. Walicheka hadi machozi. Nami nilicheka nao.

Jirani alipoondoka, Shangazi hakuwa akicheka tena. "Jumamosi utaniaibisha?"

"Sinunui kiwanja, Shangazi."

Akasema basi niende mwenyewe nikamwambie mwenye kiwanja, yeye haendi. Nadhani aliamini sitaweza. Nilipanda hadi kwa mwenye kiwanja, mzee mmoja, nikamwambia ahadi aliyopewa ilikuwa ya pesa zangu, na mimi sikuitoa. Aliguna tu. Akasema dereva mmoja Mkenya alikuwa anakitaka kiwanja hicho tangu zamani.

Niliporudi, chakula changu kilikuwa kimefunikwa. Shangazi alikuwa amekwisha kujifungia chumbani. Nilikula chote.

Dereva alikinunua na ameanza kujenga msingi, na Shangazi hunipigia kunieleza umefika wapi. Hisa nazo zimeshuka tangu siku ile. Kuna saa najuta, na najuta vibaya, nikiwa nimeshika simu, tayari kutoa pesa zangu mfukoni. Lakini sitoi hata shilingi.