Matuta ya Kiwanja cha Ndege

Kazi yangu katika kiwanja cha ndege cha Mwanza ilikuwa kupima watu uzito. Abiria alipanda kwenye mizani pamoja na mzigo wake, mimi nikaandika, rubani akasoma. Matajiri wa pamba hawakupenda kupimwa mbele ya watu, na wake zao ndio kabisa. Ilikuwa miaka michache kabla ya uhuru. Nilikuwa karani wa kibarua, yaani karani anayeweza kuambiwa kesho asije. Nilipanga chumba mjini, na mke wangu alikuwa kwa baba yake ng'ambo ya ghuba, Sengerema, ana mimba ya miezi sita.

Baba mkwe hakuwa mtu mbaya. Alikuja kukiona kile chumba mara moja tu, akasimama mlangoni kwa kuwa ndani hapakuwa na nafasi yake na ya kitanda pia, kisha akamwambia binti yake afunge mizigo. Baadaye akanitumia neno kupitia mshenga aliyetuoza: binti atarudi siku nitakapopata nyumba yenye mlango wake. Sikujibu. Hata ningekuwa na la kujibu, nyumbani kwetu mtu hajibizani na baba wa mke wake. Humtazami usoni, humkosoi, humwelekezi kazi. Likiwepo jambo, mshenga analibeba.

Mwaka huohuo zikaja habari kwamba shirika la ndege linataka kuanzisha safari mpya kutoka Nairobi hadi upande wetu wa ziwa, na ndege itatua mji mmoja tu: Mwanza, Musoma au Bukoba. Miji mitatu ikaanza kuchunguzana kama wake wenza. Tulisikia Musoma wamepaka chokaa mawe yote ya pembeni mwa kiwanja. Tulisikia Bukoba wamejenga banda la kupumzikia abiria, na kahawa humo ni ya bure. Sisi tulikuwa na pamba, reli, meli na majivuno. Tulichokosa ni urefu. Mwisho wa kiwanja chetu palikuwa na hatua mia tatu za vichaka na majani, na ndege mpya, kubwa kuliko zile tulizozizoea, ingehitaji hatua hizo zote.

Msimamizi wetu, Mzungu mmoja asiyetulia, aliitwa Nairobi kwenda kuutetea mji wetu, akaniachia kiwanja kwa siku kumi. Maagizo yalikuwa mafupi: vichaka na majani viondolewe, ardhi iwe wazi kabla ya Jumatatu, siku ya kuja mkaguzi. Akaniambia pia kwamba tukiipata ndege hiyo, kiwanja kitahitaji karani wa kudumu, na ile nyumba ya matofali nyuma ya ghala la mafuta itakuwa yake. Ufunguo wake ulikuwa umetundikwa kwenye msumari ofisini. Wiki ile niliutazama ufunguo kuliko nilivyoitazama mizani.

Vibarua wa mjini hawakupatikana, wote walikuwa kwenye viwanda vya pamba. Nikamtuma mshenga kwa baba mkwe. Mzee yule alikuwa kiongozi wa chama cha kulima, watu thelathini hivi waliokwenda shamba kwa shamba na ngoma yao, na malipo yao ni ng'ombe wa kuchinja na pombe. Ng'ombe walitoa wafanyabiashara wa pamba, ambao wakati ule wangetoa chochote ili Bukoba wakose. Mshenga akarudi na jibu kwamba watakuja kulima, na hawatanitia aibu. Kisha akapata habari za msiba Ukerewe, akapanda mtumbwi akaenda.

Ijumaa asubuhi walivuka na kivuko, majembe begani. Niliwaonyesha mwanzo na mwisho wa eneo, nikarudi kwenye mizani kwa kuwa kulikuwa na ndege ya Tabora. Nilisikia ngoma ikianza, na majembe yakishuka kwa pamoja. Abiria mmoja aliuliza kama kuna harusi.

Ndege ilipoondoka nikaenda kuangalia. Vichaka vilikuwa vimelala pembeni, majani yamefukiwa. Na nyuma ya mstari wa wale watu, ardhi ilikuwa matuta. Matuta marefu, yamenyooka, na kila baada ya hatua chache yamefungwa kwa kijituta cha kukinga maji, kama bwana shamba anavyotaka.

Mtu wa leo atacheka. Lakini kwa miaka mingi mabwana shamba walikuwa wakipita vijijini kwetu na madaftari yao, na aliyelima sesa, ardhi tambarare bila matuta, alipelekwa barazani kuhukumiwa. Baba mkwe mwenyewe aliwahi kulala siku mbili mahabusu kwa ajili ya kipande cha shamba la muhogo alichokilima sesa. Sasa anaitwa kulima ardhi ya serikali yenyewe, na anayewajibika ni mume wa binti yake. Alihakikisha hakuna atakayenipeleka barazani. Na mimi nilikuwa nimeagiza kulima tu, bila neno la zaidi, kwa sababu tangu nizaliwe sijawahi kumweleza mtu mzima namna ya kulima.

Aliniona, akaja, jembe mkononi, jasho linamtoka kidevuni. Nikamsalimu huku nikitazama miguu yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unaonaje kazi?"

Matuta yalikuwa kama ishirini wakati huo. Ningeweza kusema. Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni, "Nashukuru, baba."

Akarudi kwenye mstari. Ningependa kuandika kwamba nilikuwa na hasira, au hofu, lakini nilikuwa kama mtu aliyelalia mkono wake mpaka ukafa ganzi. Nilihesabu matuta hadi nikachoka, nikaenda kufuta vumbi kwenye mizani. Jumamosi jioni hatua zote mia tatu zilikuwa zimekwisha, na wale watu wakaenda kula ng'ombe wao kwa jamaa zao Mkolani, nje ya mji. Walisema watangoja mpaka Jumatatu waione ndege.

Jumapili nilikwenda peke yangu na jembe. Nilianzia mwisho kabisa, nikasawazisha tuta la mwisho, kisha la kabla yake. Kazi haikuwa ngumu sana. Kisha nikafikiri kwamba Jumatatu mzee atakuja na watu wake, na mbele yao ataona mkwe wake amebomoa kazi yake. Nikayainua upya yale mawili. Yalitoka yamepinda, kwa kuwa mimi ni mtu wa kalamu.

Jumatatu baba mkwe alifika alfajiri, kabla ya wenzake, akatembea peke yake kutoka tuta la kwanza hadi la mwisho. Nilimwona nikiwa ofisini. Alisimama mwisho kule kwa muda mrefu. Kisha akaja akakaa kwenye kivuli cha ghala, nami nikamsalimu, akaitikia, tukanyamaza wote wawili hadi saa sita.

Mkaguzi alikuja na ndege ndogo, ikatua kwenye sehemu ya zamani bila shida. Alitembea hadi mwisho, mimi nyuma yake, wakulima nyuma yangu. Alipoyafikia matuta alivua kofia.

"Hapa mmepanda nini?" akauliza.

Baba mkwe akajibu kwa heshima, "Bado, bwana. Tunangoja mvua ya serikali."

Watu wake wakacheka kidogo. Mkaguzi hakucheka. Aliandika mstari mmoja, akarudi kwenye ndege yake, akaenda zake Musoma, na Musoma ndiko safari ilikokwenda. Msimamizi aliporudi aliyatazama matuta kwa dakika chache, akaingia ofisini, akautoa ufunguo kwenye msumari akautia kwenye mtoto wa meza. Hakunigombeza. Mvua zilipoanza, wake za walinzi walipanda viazi vitamu kwenye matuta yale, wakaniletea kikapu. Nilivila, vilikuwa vizuri.

Mtoto wetu alizaliwa Sengerema, wa kiume. Nilikuwa nikivuka kila nilipopata nafasi, ambayo haikuwa mara nyingi, na kila nikivuka nilibeba sukari. Nilikaa kwenye kiti cha wageni, nikamwona mke wangu akipita na vyombo, nikarudi na kivuko cha jioni. Hivyo ndivyo tulivyoishi. Uhuru ulipokuja nilikuwa bado kwenye mizani, na ile siku yenyewe nakumbuka zaidi kwamba bendera ilikuwa mpya na kamba yake ya zamani.

Baada ya uhuru greda lilikuja likasawazisha mwisho wa kiwanja kwa siku moja na nusu. Ndege kubwa ikaanza kutua, nami nikaandikwa karani wa kudumu, nikakabidhiwa ufunguo ule ule. Mtoto alikuwa na miaka minne. Nilivuka kwenda kuwachukua.

Mshenga wetu alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo baba mkwe ilibidi aseme mwenyewe. Tulikaa nje, mke wangu akifunga mizigo ndani.

"Yale matuta mawili ya mwisho," akasema, "uliyabomoa, ukayarudisha."

"Ndiyo, baba."

"Niliyaona asubuhi ile. Tuta lililorudishwa lina udongo wa rangi mbili. Nikajua pale palikuwa na jambo. Watu wangu walikuwa Mkolani, majembe wanayo, na ndege yako haikuja mpaka saa sita. Nikakaa kivulini pale, nikangoja useme."

Nilitazama miguu yake. "Mshenga alikuwa Ukerewe, baba."

"Najua," akasema. "Hata mimi nilimngoja."

Mke wangu akatoka na sanduku, nikalipokea. Mzee akamshika mjukuu wake kichwani kwa kiganja kizima, akaingia ndani kabla hatujafika njiani.

Kwenye kivuko mtoto alikaa upande wa mama yake, amemshika kitenge. Alinijua vizuri. Kwa miaka yote minne nilikuwa mtu wa sukari. Tulipokaribia Mwanza akamvuta mama yake, akamwuliza kwa sauti aliyodhani ni ndogo, mtu wa sukari anashukia wapi.