Kibao cha Daktari wa Macho

Niliporudi kutoka vitani nilileta nyumbani Kilungu koti moja la jeshi, buti zilizonibana, na ujuzi wa kusoma. Koti lilichakaa upesi. Kusoma ndiko kulikonitia kiburi, maana siku za soko kule Nunguni wengi hawakujua herufi hata moja, na vibao vilikuwa vimeanza kutundikwa kila ukuta.

Vilichekesha bila hata kutiwa chumvi. Kinyozi aliandika: "Nywele ukiacha ni zangu." Hoteli ya chai ya mzee mmoja Mwislamu, mtu wa pwani, ilikuwa na ubao mlangoni: "Karibuni wote. Kuku wako abaki nje." Fundi wa cherehani alitangaza suruali za harusi, za mazishi na za kila siku, na zote zilikuwa za kaki. Mimi nilisimama mbele ya kila kibao, nikakisoma kwa sauti ya sajini, kisha nikakieleza kwa Kikamba. Mcheza kwao hutunzwa, nami nilitunzwa kwa vikombe vya chai. Watu walipozoea vibao hivyo na kuacha kucheka, nikaanza kuongeza maneno yangu mwenyewe.

Sasa lazima nieleze jambo moja. Kwetu Ukambani mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani wala hawasemeshani. Mkikutana njiani, unaingia kichakani mpaka apite. Tunaiita nthoni, yaani haya. Mama mkwe wangu aliishi kilima cha pili, na kwa miaka minne ya ndoa sikuwahi kuuona uso wake vizuri. Habari zake nilizipata kwa mke wangu. Nilijua anaumwa macho: kope zilikuwa zimejikunja kwa ndani zikimkwaruza, na kila wiki mke wangu alikwenda kumng'oa moja moja kwa kibano.

Siku moja ya soko nilikuta karatasi mpya kwenye ukuta wa zahanati. Ilisema daktari wa macho yupo leo na kesho, wagonjwa wote waje, matibabu ni bure. Watu walikuwa wamejaa, wakaniita.

"Afande, hebu tusomee hiyo!"

Nikakohoa. Nikasoma kwamba daktari wa macho yupo leo na kesho, na kila mgonjwa aje na mbuzi wawili wa serikali.

Wakati ule serikali ilikuwa imetuchosha na maneno ya kupunguza mifugo, kwa hiyo mzaha wangu ulipenya vizuri. Mzee mmoja akapiga kelele, "Hii serikali! Hata macho wanataka mbuzi?" Watu wakaangua kicheko, nami nikafurahi kama mjinga. Baadaye niliwaambia waliokuwa karibu kwamba natania. Wa nyuma sikuwaambia. Nilimwona mwanamke mmoja kule nyuma, amejifunika shuka kichwani na kunipa mgongo, akishika njia taratibu. Sikumtilia maanani.

Siku tatu baadaye mke wangu alirudi kutoka kwao.

"Mama alifika Nunguni kwa huyo daktari," akasema. "Amerudi bure. Yeye ana mbuzi mmoja tu, na mbuzi huyo ana mimba."

"Nani alimwambia habari za mbuzi?"

"Si ni wewe ulisoma? Wengine walikuwa wanacheka, lakini yeye alisema mkwe wake hawezi kudanganya watu mbele ya soko. Na kukuuliza hangeweza." Akanitazama. "Baba watoto, ni kweli waliandika hivyo?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Daktari alikuwa amekwisha kuondoka, lakini ningeweza kuuliza amekwenda soko gani, nikamfuata hata kwa miguu. Nilikuwa nimetembea zaidi ya hapo kwa amri ya Wazungu. Lakini niliona aibu mbele ya mke wangu, na aibu ile ikanishinda nguvu.

"Waliandika," nikasema.

Daktari mwingine alikuja baada ya misimu mingi ya mvua. Alimtazama mama mkwe wangu, akasema mboni zimekwisha kukwaruzika, angeletwa mapema angeona.

Tangu hapo binti yetu mkubwa alimwongoza bibi yake kwa fimbo. Nikiwaona mbali, niliingia kichakani na kusimama bila kupumua, ingawa mwenyewe hakuweza kuniona hata ningesimama mbele yake. Mke wangu aliniambia nipeleke mbuzi kwa wazee, haya iondolewe kama desturi inavyoruhusu, nimsalimie mama na kumshika mkono maadamu ni kipofu. Nilikataa. Nikasema mimi ni mtu wa kuheshimu mila.

Maneno hayo yalimfikia mama mkwe wangu, yakampendeza. Akawaambia majirani kwamba vijana waliotoka vitani wamepoteza adabu, wanapishana na wakwe zao kama ng'ombe, lakini wa kwake ana haya. Akasaga mtama yeye mwenyewe, kwa kupapasa, akapika uji akautia kwenye kibuyu.

Mke wangu aliniletea kibuyu hicho pamoja na sifa zangu, amejaa furaha. Alisimama akiningoja. Nikaunywa uji wote.