Mkwe wa Simu na Bata Mzinga Wangu

Ni mwaka ule mafuta ya kupikia yalipanda bei, tukala mboga ya mrenda hadi wajukuu wakasema koo zao zimeota utelezi. Mrenda hauombi mafuta. Unataka magadi kidogo na mkono wa kukoroga. Ugali ulikuwa wa muhogo na mtama, mweusi, na anayesema hicho ni chakula cha njaa aje anione: ndicho kilichonipa nguvu ya kufuga bata mzinga hapa Burumba, Busia, wakati majirani walishachinja hata jogoo wa kuwaamsha.

Bata wangu walikuwa bata kweli. Dume akitanua mkia, mbwa wa jirani anarudi kwao. Lakini sokoni walinitajia bei ya kunitukana, ndipo mke wa mwanangu, ambaye naishi naye, akaniingiza kwenye mnada wa simu. Ni kundi la watu wa Busia na Malaba. Asubuhi unaweka picha ya kitu chako, watu wanapandishana bei mchana kutwa, jioni mwenye kundi anafunga. Aliyetaja bei ya juu anatuma pesa kwa simu, anakuja kuchukua. Mimi masomo niliyaachia darasa la tatu, kwa hivyo nilikuwa natuma sauti. Nilieleza bata wanakula nini, na kwa kuwa nilikuwa nimeshafungua mdomo, nikaeleza pia binti yangu aliyeolewa Butula, na wajukuu wangu watano wa huko wanaokuja kwangu kila likizo, na yule wa kwanza ambaye hakuna mtoto amewahi kumpita darasani. Nilijisifu. Anyamaze mwenye wajukuu wabaya.

Dume wa kwanza alichukuliwa na mtu aliyesema ni mdogo wa mume wa binti yangu.

Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani. Simpi mkono, sili naye, nikimwona njiani nachepuka. Na ndugu zake ni kama yeye. Basi niliposikia pikipiki imefika na mkwe yuko juu yake, nilikimbilia jikoni nikajifunika leso kichwani. Nilisikia sauti tu, sauti yenye adabu, ikiniamkia kupitia ukutani. Aliniambia watoto wananisalimu, akamtaja yule wa darasani na sifa zake zote.

Mke wa mwanangu akaja kuninong'oneza. Ujumbe wa pesa umefika, una jina na kiasi chake, lakini salio halijasogea. Mgeni anasema simu za hapa mpakani zinashika mtandao wa Uganda, kwa hivyo pesa inazunguka ng'ambo kwanza. Jambo hilo tunalijua sote. Hapa Busia unaweza kukaa kwenye kigoda chako na simu yako iko Uganda. Akaniuliza kama amwambie mgeni angoje. Nikamuuliza kama anataka mkwe wangu asimame juani kama mdaiwa, binti yangu akasimangwe Butula.

"Mpe aende," nikasema.

Dume akafungwa miguu, akaenda.

Pesa ile haijaingia mpaka leo. Wakala wa pesa wa hapa mtaani alitazama ule ujumbe akatuonyesha: haukutoka kwa kampuni ya simu, ulitoka kwa namba ya mtu, kauandika mwenyewe kama mtu anayetuma salamu. Binti naye akasema mumewe hana ndugu wa jina hilo. Afadhali ingeishia hapo. Lakini habari ilifika Butula ikiwa imevaa nguo nyingine, kwamba ninawaita wakwe zangu wezi. Likizo hiyo wajukuu hawakuja. Nilitandika vitanda, nikatandua.

Disemba ilipokaribia baba yao akalegea. Akasema watakuja Krismasi. Mimi nikaweka dume wa pili kwenye mnada, ili watoto wakifika wapate wali, na nyama nyingine isiyo bata.

Aliyeshinda safari hii ni kaka mkubwa wa mkwe wangu, yule anayeshughulikia karatasi za malori kule Malaba. Huyu si wa kubahatisha. Ndiye aliyeswaga ng'ombe wa mahari kuingia kwenye boma hili. Akaja, akatuma pesa akiwa langoni. Ujumbe ukafika. Salio likabaki pale pale. Naye akasema ni mtandao, simu imevuka.

Mke wa mwanangu alikuja jikoni macho yamejaa maji. Nikatoka nje. Nilisimama mbele ya mkwe mchana, jambo ambalo mama yangu angelilia, naye kwa adabu akatazama viatu vyake. Nikamuuliza habari za nyumbani. Kisha nikamwambia, "Bata hatoki boma hili mpaka pesa iingie."

Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Mama mkwe, niliwaletea ng'ombe wazima wazima. Leo bata ndiye wa kunisimamisha langoni?"

"Hao ng'ombe walikuja kwa miguu yao. Hawakuja kwa simu."

Akapiga simu Butula hapo hapo, akampa mke wa mwanangu, maana mimi siwezi kupokea kitu mkononi mwake. Sauti ya binti yangu ikatoka kwa nguvu, sote tukaisikia.

"Mama, huyu ni shemeji yangu wa kweli. Akirudi mikono mitupu watoto hawaji, baba yao ameshasema. Mpe tu. Pesa itaingia."

Nami niliamini itaingia. Lakini hata mara ya kwanza niliamini. Nikamkumbuka kitinda mimba wao, anayelala na mkono wake shingoni mwangu. Mwenye pikipiki aliyemleta mkwe alikuwa amezima injini. Mkwe bado anatazama viatu. Nikainamia ile simu ili mtoto wangu anisikie vizuri.

"Bata hatoki boma hili mpaka pesa iingie."