Kati na Baina

Neno lililotuponza lilikuwa dogo, herufi nne tu, na aliyelichagua ni mimi.

Tulikuwa kidato cha tano, shule ya kutwa upande wa Temeke, kombi ya Fizikia, Kemia na Baiolojia. Masomo yote yalifundishwa kwa Kiingereza, na juu ya mlango wa darasa palikuwa na kibao kilichotukataza kuzungumza lugha nyingine. Mwalimu akiwapo tulikitii. Akitoka, darasa zima lilishusha pumzi na kurudi kwenye Kiswahili, kama watu waliorudi nyumbani na kuvua viatu vinavyobana.

Kengele ya mwisho ikishalia, mimi na jirani yangu wa dawati tulibaki kwa ajili ya diskasheni. Yeye alitoka Singida, akawa anaishi Segerea kwa shangazi yake. Alikuwa msichana wa maneno machache na michoro mingi. Pembeni mwa daftari lake la Kemia kulijaa vikombe, majani, visigino vya walimu. Mimi nilikuwa kinyume chake. Nilisoma ukurasa mzima wa Kiingereza, nikafunga kitabu, nikauweka upya kwa Kiswahili kwa sauti ya mtu anayesimulia habari aliyoiona kwa macho. Darasani waliniita kipanga, yaani hodari wa masomo. Ukweli ni kwamba Kemia sikuipenda sana. Nilichokipenda ni ule wakati neno gumu linapolainika mdomoni mwangu na uso wa aliye mbele yangu unapofunguka. Niliamini kwamba uso ukifunguka, basi kitu kimeeleweka.

Siku hiyo mada ilikuwa zile nguvu ambazo kitabu kiliziita "intermolecular". Nikachukua kamusi ya darasa, iliyokwisha kupoteza jalada, nikatafuta kipande cha mbele cha neno hilo. Kamusi ilinipa mawili: kati ya, baina ya. Baina niliiona ya kizee, ya kwenye mawaidha na hati za mahakama. Nikachukua kati.

"Nguvu za kati ya molekuli," nikatangaza.

"Kati ipi? Katikati?"

"Ee, katikati. Pale penye moyo wake." Nikachora duara, nikatia nukta ndani.

Leo nikikumbuka sentensi ile naona jinsi ilivyotusaliti kwa upole. Molekuli kwa Kiswahili haibadiliki. Ikiwa moja ni molekuli, zikiwa elfu ni molekuli. Hakuna kilichotunong'oneza kwamba tunazungumzia nyingi, kwamba nguvu hizo hazikai ndani ya yoyote.

"Kwa hiyo maji yakichemka," akasema jirani yangu, penseli yake ikiwa tayari karatasini, "molekuli inapasuka katikati?"

"Hapo hapo! Hidrojeni inakwenda zake, oksijeni inakwenda zake."

"Ahaa. Kama nazi."

"Kama nazi," nikasema, nikafurahi kwamba amepata mfano mzuri kuliko wangu.

Wiki iliyofuata tukafanya testi. Swali la nne lilitaka tueleze kwa nini maji yanahitaji joto kubwa kuchemka, wakati hidrojeni salfaidi, iliyoundwa kwa namna inayofanana nayo, huwa gesi hata mkiwa mmekaa tu darasani bila moto wowote. Niliandika haraka, mkono mwepesi. Nilitoka nje naimba.

Alhamisi madam wa Kemia akatuita maabara, sisi wawili tu. Alikuwa mwanamke wa Kagera, mwembamba, asiyepaza sauti. Karatasi zetu zilikuwa juu ya meza, ubavu kwa ubavu.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba. Someni hapo, na hapo."

Tukasoma. Kwa Kiingereza sentensi ilikuwa moja, karibu neno kwa neno: nguvu iliyo katikati ya molekuli ya maji ni kubwa, nayo ikikatika, hidrojeni na oksijeni zinatoka zikiwa mvuke.

"Darasa lina watu zaidi ya arobaini," akasema. "Wamekosea kila namna inayowezekana. Lakini kosa hili limefanywa na watu wawili tu, na watu hao wanakaa dawati moja. Nani kamdesa mwenzake?"

Alituuliza sote, ila macho yake yalikuwa kwa jirani yangu. Mwanzoni mwa muhula huo alikutwa na kikaratasi kwenye testi ya Baiolojia. Alipewa barua ya onyo la mwisho, shangazi yake akaitwa shule, akasaini kwa hasira mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Walipofika nyumbani shangazi alisema mara moja tu: ukinifanya niitwe tena, unapanda basi la Singida. Jirani yangu alinisimulia hayo akicheka, kiganja kikiwa mdomoni, nami nilijua si kicheko.

"Sijadesa, madam," akasema sasa.

"Kesho baada ya paredi nazipeleka karatasi hizi ofisi ya taaluma. Mwenye la kusema aseme kabla."

Mimi nilikuwa na la kusema. Sikusema. Sababu ya kwanza ina heshima kidogo: sikujua kosa ni lipi. Niliisoma sentensi ile mara mbili na bado niliiona nzuri. Sababu ya pili haina heshima yoyote. Madam hakunitazama mimi, na mwili wangu ulitulia kwa kutotazamwa.

Tulipofika kwenye korido jirani yangu akasimama.

"Si ungesema?"

"Ningesema nini?"

"Kwamba wewe ndiye uliyenifundisha!"

"Sasa kama jibu liko sahihi?"

"Lingekuwa sahihi tungeitwa?" Akanitazama toka viatu mpaka utosini. "We kipanga wa wapi wewe?"

Akaondoka peke yake. 

Mama yangu alikuwa na saluni Tandika, chumba kimoja chenye vioo viwili na feni, na mchana ule nilipitia huko kama kawaida yangu. Alikuwa anamtoa mteja rangi ya kucha. Mteja huyo, mama wa makamo mwenye sauti ya sherehe, alikuwa katikati ya kesi yake na wifi yake aliyekuwa akiishi naye nyumba moja.

"Wanasema nina roho mbaya," alikuwa akisema. "Roho yangu ina nini? Nzima! Na ya wifi yangu nzima vilevile, sitamsingizia. Tatizo haliko ndani yangu wala ndani yake. Liko baina yangu na yeye. Mie nikihamia Kawe, yeye akabaki hapa Tandika, mtatuona wote wazima, kila mtu na akili zake."

"Na nyumba itapoa," mama akasema bila kuinua macho.

"Itapoa, shoga yangu! Itapoa mpaka waulize kuna msiba."

Wakacheka. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na begi mgongoni.

"We mtoto, mbona umeganda? Nipe hiyo chupa ya asetoni."

Nikaichukua. Kifuniko hakikukazwa, ikanimwagikia kiganjani. Baridi yake ilinishtua, kisha kabla sijatafuta kitambaa, kiganja kikawa kikavu. Mteja akapiga chafya.

"Jamani, fungueni dirisha, tutakufa na asetoni humu!"

Nilibaki nakitazama kiganja. Asetoni ilikuwa imetoka mkononi mwangu, imevuka chumba, imeingia puani mwa mtu aliyekaa hatua tatu kutoka kwangu, na bado ilikuwa asetoni. Haikuwa imepasuka. Ingepasuka, harufu ingekuwa ya kitu kingine. Kilichokatika hakikuwa kitu cha ndani yake. Ni ule mshikano mdogo wa kila molekuli na jirani yake, uliozifanya zikae pamoja chupani zikawa kimiminika; ulipoachia, kila moja iliondoka nzima, na jina lake.

Baina yangu na yeye.

Nikakaa kwenye kiti cha wateja, nikafungua kitabu cha Kemia magotini, na safari hii nikakisoma bila kukitafsiri kwa haraka. Yote yalikuwa pale tangu mwanzo. Oksijeni ya maji inazivutia elektroni upande wake, hidrojeni zinabaki na upungufu, na huo upungufu unaifanya hidrojeni ya molekuli moja iegemee oksijeni ya molekuli ya jirani. Maelfu kwa maelfu yanaegemeana hivyo, ndiyo maana sufuria ya maji inahitaji moto wa kutosha kuyaachanisha. Salfa haivuti kwa nguvu hiyo, kwa hiyo molekuli za hidrojeni salfaidi zinashikana kidogo tu, zinaachana upesi. Hakuna nazi inayopasuka. Mvuke wa maji ni maji. Mama yangu aliyejua kwamba kifuniko cha sufuria hutiririka maji wali ukiwa jikoni angeweza kuniambia hivyo, kama ningemuuliza badala ya kujiuliza mwenyewe na kujijibu.

Nilifurahi. Kwa dakika moja nilifurahi kweli, furaha ya kuona. Kisha nikakumbuka kwamba kuna mtu Segerea anayesubiri kupandishwa basi kwa sababu ya neno langu, nikakifunga kitabu.

Ijumaa nilifika shule kabla hata mlinzi hajamaliza kufagia getini. Madam alinikuta mlangoni mwa maabara. Nikamwamkia, nikampa daftari langu la diskasheni, lililoandikwa lote kwa Kiswahili, kinyume cha kile kibao, na kurasa zake nilikuwa nimezipamba kwa wino wa rangi mbili. Akasoma amesimama. Akafika kwenye duara lenye nukta.

"Hii umeandika lini?"

"Kabla ya testi, madam. Nilimfundisha hivyo. Hakudesa. Alinisikiliza mimi."

"Na jana ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa sijajua kama nimekosea."

"Hiyo moja."

"Na ulikuwa unamtazama yeye."

Sitasahau namna madam alivyoufunga mdomo wake. Niliona kwamba sentensi ile ilimgusa hata yeye. Akamtuma mwanafunzi aliyekuwa akipita aende kumwita jirani yangu, naye alipofika, macho yamevimba, madam hakumpa nafasi hata ya kuamkia.

"Maji yakichemka ni kama nini?"

Jirani yangu akanitazama, akamtazama madam. Alikuwa na uso wa mtu asiye na cha kupoteza tena.

"Kama nazi, madam. Inapasuka katikati."

Madam akatoa karatasi zetu mkobani, akaigeuza ya jirani yangu. Nyuma, chini kabisa, palikuwa na mchoro mdogo wa penseli: nazi iliyopasuliwa, kifuu kimoja kimeandikwa H, kingine O, na matone yakiruka juu. Mimi sikuwa nimechora chochote kwenye karatasi yangu.

"Niliona huu mchoro, nikadhani unacheza," akasema. "Mdesaji hachori nazi. Mdesaji ananakili, basi." Akaziweka karatasi kwenye droo. "Hazitaenda taaluma. Lakini sifuri zenu ni halali, hizo mtakaa nazo."

Kisha akanirudishia daftari.

"Na wewe. Unajua kufundisha. Ndiyo hatari yako."

Nilitegemea kwamba tukitoka nje jirani yangu atanikumbatia. Alipita mbele yangu moja kwa moja mpaka bombani, akanawa uso, akakaa pale mgongo ukinielekea.

"Nguo zangu zote zimo kwenye begi," akasema. "Nimezifunga jana. Shangazi sijamwambia, nilitaka akiitwa anikute nimeshajifunga mwenyewe."

"Nisamehe."

"We ulisema kwa uhakika. Mie nikiwa sijui, sauti yangu inajulikana kwamba sijui. Yako haijulikani. Ukijua sauti ni ile, usipojua sauti ni ile ile."

Wiki nzima hakuja diskasheni, nami nilikaa darasani peke yangu nikiongea na ubao. Nilijaribu kumfundisha mtu asiyekuwapo, nikagundua kwamba nilipokosa uso wa kuutazama ukifunguka, niliyoyajua yalikuwa machache sana.

Jumatatu iliyofuata alirudi. Akaburuta kiti, akafungua daftari lake, akachora kikombe cha maji chenye barafu.

"Nataka kuuliza," akasema. "Ukiwasha moto zinaachana, sawa. Kwa hiyo ukigandisha zinashikana zaidi, si ndiyo? Zikishikana zaidi zinabanana. Kikibanana kitu kinakuwa kizito. Sasa mbona barafu inaelea?"

Nilikuwa na sentensi tayari. Ilikuja yenyewe, nzuri, yenye mizani, na mwisho wake ningeweka mfano utakaomfanya acheke. Niliihisi ulimini. Nikaitafuta chini yake kama kuna kitu, sikukiona.

"Sijui," nikasema.

"Umesemaje?"

"Sijui."

Akanitazama kwa muda, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayesikiliza redio apate kujua kama mawimbi yametulia. Kisha akakunja ukurasa wenye kikombe, akainuka.

"Haya, twende kwa madam kabla hajaondoka. Na leo nauliza mie."