Ngazi ya Zenab

Wageni wa hifadhi ya bahari walipoongezeka, jirani yangu Esmail, mwenye duka hapa Kilindoni, aliagiza gari la kuwabeba. Alichagua kila kitu mwenyewe: livute kwa magurudumu yote manne, liinuke juu, matairi yawe mapana ya mchangani. Mkewe Zenab, mgonjwa wa magoti, aliomba kitu kimoja tu, ngazi ya kukanyagia mlangoni. Esmail akakataa. Eti ingegonga visiki vya njia ya Ndagoni.

Gari likaja. Zenab hakuweza kulipanda, na kunyanyuliwa na mumewe barabarani, mbele za watu, aliona haya. Akawa anabaki kibarazani, akilitazama likiondoka. Hata siku ya mazishi yake halikumbeba, maana sisi maiti tunampeleka mabegani.

Arobaini ilipopita, Esmail akafungisha ngazi kwenye mlango wa mbele, kushoto. Nilitaka kumtukana, nikashindwa. Wageni anawapandisha nyuma. Kila asubuhi anaifuta ngazi ile isiyokanyagwa na mtu, anafungua mlango, anasubiri kidogo, kisha anaufunga taratibu, kama anayechelea kubana upindo wa buibui.